Tuzo badala ya fimbo: Namna mbwa wa kazi anavyofunzwa

Na Mwandishi Wetu, Ujiji

MBWA anayefanya kazi kwa kutarajia tuzo huwa mwepesi kuongozwa, na huwa salama zaidi kwa watu kuliko mbwa anayefanya kazi kwa kuogopa fimbo. Huo ndio msingi wa njia ya mafunzo ambayo katika miongo ya karibuni imeenea miongoni mwa wafunzaji wa mbwa wa polisi, wa uokoaji, wa michezo na wa kulinda wanyamapori duniani.

Kwa wakazi wa Ujiji na miji mingine ya mwambao wa Ziwa Tanganyika, suala hili si la wataalamu peke yao. Mbwa wengi wa mijini hufugwa kwa ajili ya ulinzi wa nyumba, na walio mashambani hufugwa kwa kufukuza nyani na ngedere wanaoharibu mazao. Hao nao ni mbwa wa kazi. Namna wanavyofunzwa ndiyo huamua kama watalinda au watauma ovyo, na kama wataweza kushikwa siku ya chanjo au la.

Makala haya yanaeleza maana ya njia hiyo, ilikotoka, mahali inapotumika nchini Tanzania na hatua ambazo mfugaji wa kawaida anaweza kuzifuata nyumbani.

Maana ya njia ya tuzo

Katika elimu ya tabia, kila tendo la mnyama hufuatwa na matokeo. Matokeo yakimpendeza, tendo hurudiwa. Yakimchukiza, tendo hupungua. Mfunzaji anaweza kuyapata matokeo hayo kwa kuongeza kitu au kwa kukiondoa. Kwa hiyo zipo njia nne:

Ya kwanza ni kuongeza kizuri. Mbwa akikaa anapewa kipande cha nyama, na kesho atakaa tena.

Ya pili ni kuondoa kibaya. Kamba hukazwa shingoni hadi mbwa akae, kisha hulegezwa. Mbwa hukaa ili aepuke maumivu.

Ya tatu ni kuongeza kibaya. Mbwa akimrukia mgeni hupigwa.

Ya nne ni kuondoa kizuri. Mbwa akimrukia mgeni, mgeni humpa mgongo na kunyamaza mpaka miguu yote minne ya mbwa iwe chini.

Wafunzaji wa njia ya tuzo hutegemea ile ya kwanza, na hutumia ya nne pale inapobidi. Wafunzaji wa zamani walitegemea zaidi ya pili na ya tatu.

Wapo wanaodhani kuwa njia ya tuzo maana yake ni kumdekeza mbwa au kumruhusu afanye atakavyo. Dhana hiyo si sahihi. Mfunzaji wa tuzo huwa na masharti mengi kuliko mwenye fimbo: hupanga somo mapema, huamua ni tendo gani hasa litakalolipwa, na hahongi. Hongo huonyeshwa kabla ya kazi ili mbwa ashawishike; tuzo hutolewa baada ya kazi kwa sababu imefanyika.

Chimbuko lake

Mwanafiziolojia wa Urusi, Ivan Pavlov, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa uchunguzi wake wa usagaji wa chakula tumboni, aligundua kuwa mbwa wake walianza kudondokwa na mate kabla ya chakula kufika, kwa kuona au kusikia tu dalili za ujio wake. Kutokana na hilo ilifahamika kuwa sauti isiyo na maana yoyote inaweza kubeba ahadi ya chakula.

Nchini Marekani, Edward Thorndike alichapisha mwaka 1898 matokeo ya majaribio ya paka waliofungiwa katika visanduku vyenye komeo. Paka walijifunza kufungua komeo taratibu, kwa sababu kila waliposhika njia iliyofaa walitoka na kupata chakula. B. F. Skinner aliendeleza kazi hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1938. Mwaka 1951 aliandika makala kwa ajili ya wasomaji wa kawaida, akieleza namna ya kumfunza mbwa nyumbani kwa kutumia kidude kidogo cha bati kitoacho mlio mfupi.

Hata hivyo, katika vikosi vya ulinzi mambo yalikwenda tofauti. Mjerumani Konrad Most, aliyechapisha mwongozo wa mafunzo ya mbwa mwaka 1910, aliutambua umuhimu wa tuzo lakini aliweka shuruti mbele. Katika vita kuu mbili za dunia vikosi vingi vilifuata njia hiyo. Mwaka 1962 Mmarekani William Koehler alitoa kitabu kilichosisitiza mnyororo wa shingoni na adhabu, nacho kilitumika kwa miaka mingi.

Mabadiliko yalipata nguvu baada ya Karen Pryor, Mmarekani aliyewahi kufunza pomboo, kuchapisha kitabu chake mwaka 1984. Hoja ya wafunzaji wa pomboo ilikuwa nyepesi: mnyama aliye majini huwezi kumfunga kamba wala kumchapa, kwani ataogelea aende zake. Ikiwa pomboo hufanya kazi kwa filimbi na samaki, hakuna sababu mbwa ashindwe.

Michezo ya mbwa nayo ilichangia. Mchezo wa Schutzhund, ambao siku hizi hujulikana kwa jina la IGP, ulianza Ujerumani mwaka 1901 kama mtihani wa mbwa aina ya German Shepherd. Una sehemu tatu: kufuata nyayo, utii na ulinzi. Mchezo wa kuruka vizuizi kwa kasi ulionyeshwa kwa mara ya kwanza katika maonyesho ya Crufts mjini London mwaka 1978. Katika mashindano ya namna hiyo haitoshi mbwa kutii tu. Mbwa anayejikunyata na kufyata mkia hupoteza alama, na wafunzaji wengi waligundua kuwa uchangamfu hauletwi na fimbo.

Utafiti unavyoonyesha

Mwaka 2004 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya dodoso lililotumwa kwa wafugaji 364. Walibaini kuwa mbwa waliofunzwa kwa tuzo walikuwa watiifu zaidi, na kwamba matumizi ya adhabu yalikwenda sambamba na kuongezeka kwa tabia mbaya badala ya kupungua.

Mwaka 2008 ulichapishwa uchunguzi wa timu 33 za askari na mbwa wao katika jeshi la Ubelgiji. Askari ambao mbwa wao walifanya vibaya ndio waliotumia adhabu zaidi. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, waliripoti kuwa vitendo kama kumpiga mbwa teke au kumlaza chini kwa nguvu huwafanya mbwa wengi wajibu kwa kunguruma au kuuma. Mwaka 2020 watafiti nchini Ureno waliopima mate ya mbwa 92 waligundua kuwa wale waliotoka katika shule zenye kutumia adhabu walionyesha dalili nyingi zaidi za msongo.

Tafiti hizo hazimaanishi kuwa fimbo haifunzi kitu. Inafunza, lakini mara nyingi hufunza jambo jingine. Mbwa anayepigwa kila anapomngurumia mtoto hujifunza kuacha kunguruma, hajifunzi kumpenda mtoto. Siku hofu yake ikizidi atauma bila kutoa onyo, na wenye nyumba watashangaa kwamba “hakuwahi kuonyesha ukali”.

Kutoka Ujiji hadi Usa River

Ujiji inaijua vyema thamani ya meno ya tembo. Katika karne ya 19 mji huu ulikuwa kituo kikuu cha njia ya misafara iliyounganisha Bagamoyo, Tabora na Ziwa Tanganyika. Pembe zilizovushwa kutoka Manyema, ng'ambo ya ziwa, zilipita hapa kuelekea pwani, pamoja na watu waliotiwa utumwani. Wakati Henry Morton Stanley alipokutana na David Livingstone mjini hapa mwaka 1871, biashara hiyo ilikuwa imeshamiri.

Karne moja na nusu baadaye, bidhaa ileile imewapa kazi mbwa wa Tanzania. Sensa iliyotangazwa na serikali mwaka 2015 ilionyesha kuwa idadi ya tembo nchini ilishuka kutoka zaidi ya 109,000 mwaka 2009 hadi takriban 43,000 mwaka 2014. Mwaka huo wa 2014 shirika la African Wildlife Foundation (AWF) lilianzisha mpango wa mbwa wa kunusa nyara, ambao kituo chake cha mafunzo kipo Usa River, mkoani Arusha. Mbwa na waongozaji waliofunzwa hapo wamepelekwa katika bandari na viwanja vya ndege vya Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyingine za Afrika, kutafuta meno ya tembo, pembe za faru na magamba ya kakakuona.

Mbwa hao hawalipwi kwa nyama. Malipo yao ni mpira. Mbwa akitambua harufu aliyofundishwa hukaa au hutulia mbele ya mzigo bila kuuparua, kisha mwongozaji humtupia mpira na kucheza naye. Kwa mbwa huyo, kontena lenye meno ya tembo halina maana nyingine ila ni mahali mpira unapotokea.

Mwaka 2018 mbwa wa kunusa walianza kazi katika eneo la Grumeti, magharibi mwa Serengeti, wakiwamo waliochukuliwa kutoka vituo vya mbwa waliokosa wenyewe nchini Marekani. Upande wa pili wa mpaka, Hifadhi ya Virunga iliyopo mashariki mwa Kongo ilianzisha mwaka 2011 kikosi cha mbwa wa kufuata nyayo za majangili. Aidha, Jeshi la Polisi Tanzania lina Kikosi cha Mbwa na Farasi.

Somo la panya wa Morogoro

Mfano bora kabisa wa njia ya tuzo nchini si wa mbwa bali ni wa panya buku. Shirika la APOPO, lililoanzishwa na Mbelgiji Bart Weetjens mwaka 1997, lilihamia Morogoro mwaka 2000 na kufanya kazi pamoja na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA). Panya hao hufunzwa kunusa mabomu ya kutegwa ardhini na, tangu mwaka 2007, vimelea vya kifua kikuu katika makohozi.

Mafunzo huanza panya akiwa mdogo. Kwanza huzoeshwa watu. Kisha husikilizishwa mlio wa “tik” na papo hapo kupewa chakula, kama vile ndizi, hadi atambue kuwa mlio huo ni ahadi. Baada ya hapo hulipwa kila anaponusa harufu inayotakiwa, halafu anapokaa juu yake kwa sekunde kadhaa, na hatimaye anapoibagua miongoni mwa harufu nyingine. Hakuna panya anayechapwa.

Panya waliofunzwa Morogoro walishiriki kusafisha mabomu nchini Msumbiji, nchi iliyotangazwa kuwa huru na mabomu ya ardhini mwaka 2015. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania mwaka 2013, alifanya kazi Kambodia kwa miaka mitano na kugundua zaidi ya mabomu na mabaki 100 ya silaha. Mwaka 2020 alipewa nishani ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza, akiwa panya wa kwanza kuipata. Alikufa Januari 2022.

Mfugaji wa mbwa ana mengi ya kujifunza hapo. Ikiwa mnyama wa kilo moja na ushee huaminiwa kutembea mbele ya binadamu katika uwanja wa mabomu kwa malipo ya ndizi, hoja kwamba kazi nzito haifanyiki bila kipigo inakosa nguvu.

Hatua za kufuata nyumbani

Wataalamu wa njia hii hukubaliana juu ya hatua zifuatazo, ambazo hazihitaji vifaa vya gharama.

Kuchagua tuzo. Mbwa ndiye anayeamua tuzo ni nini, si mwenye mbwa. Katika mwambao wa Kigoma tuzo nzuri ipo tele: dagaa waliokaushwa juani, kama wale wanaoanikwa Kibirizi. Ni wadogo, wana harufu kali na hubebeka mfukoni. Wachaguliwe wasiotiwa chumvi, na kiasi kipunguzwe katika mlo wa siku. Vitunguu, chokoleti na mifupa ya kuku iliyopikwa vina madhara kwa mbwa na visitumike. Somo lifanyike kabla ya mlo, mbwa akiwa na hamu ya kula lakini si baada ya kushindishwa njaa.

Kuweka alama. Hii ni sauti fupi isiyobadilika: mlio wa kidude, wa ulimi, au neno kama “Safi!”. Sauti itolewe, kisha dagaa atolewe, mara 15 hadi 20. Mbwa akianza kugeuza kichwa kutafuta tuzo kila asikiapo sauti hiyo, alama imeshika. Faida yake ni kwamba inafika kwa wakati hata mbwa akiwa mbali, ilhali mkono wenye chakula huchelewa.

Kuwahi. Alama itolewe tendo linapotokea, si baada yake. Mbwa aliyekaa, akasimama, ndipo akapewa tuzo, amelipwa kwa kusimama.

Kwenda kwa hatua ndogo. Mbwa anayefundishwa kulala kwenye gunia hulipwa kwanza kwa kulitazama, kisha kwa kulikanyaga kwa mguu mmoja, kisha miguu minne, na mwisho kwa kulala. Akikosea mara mbili mfululizo, somo ni gumu mno. Mfunzaji arudi hatua moja nyuma.

Kuleta amri mwishoni. Neno la amri huongezwa baada ya tendo kuwa la hakika. Kupiga kelele “Kaa! Kaa! Kaa!” kwa mbwa asiyejua maana yake humfundisha kuwa neno hilo ni kelele tu.

Kuongeza ugumu kimoja kimoja. Muda, umbali na vurugu visiongezwe kwa pamoja. Mbwa anayekaa vizuri uani bado hajui kukaa sokoni, hivyo afundishwe upya huko kwa masharti mepesi.

Kupunguza tuzo. Mwanzoni kila tendo sahihi hulipwa. Likishazoeleka, hulipwa mara moja moja bila mpangilio unaotabirika, na matendo bora zaidi hupewa tuzo kubwa zaidi. Kwa njia hiyo mbwa huendelea kufanya kazi hata mfuko ukiwa mtupu.

Somo moja lisizidi dakika tano. Masomo mawili au matatu kwa siku yanatosha, na kila somo liishe kwa jambo ambalo mbwa ameliweza.

Mambo matatu kwa mbwa wa ulinzi

La kwanza ni “Njoo”. Mbwa anayekuja akiitwa anaweza kuokolewa na gari, na anaweza kuzuiwa kabla hajamfikia mtoto wa jirani. Neno hilo lilipwe vizuri kila mara na lisitumike kamwe kumwita mbwa ili aadhibiwe. Mbwa aliyepigwa mara moja baada ya kuitika amefundishwa kutoitika.

La pili ni “Hodi”. Sauti ya mgeni mlangoni inaweza kugeuzwa kuwa ishara ya mbwa kwenda kwenye gunia lake. Baada ya mbwa kujua kulala kwenye gunia, mtu wa nyumbani atoke nje na kupiga hodi kwa sauti ya chini. Mbwa akienda mahali pake alipwe. Kisha sauti iongezwe, mlango ufunguliwe, na mwisho waletwe majirani. Mbwa bado atabweka usiku mtu akiruka ukuta, kwa kuwa mwizi hapigi hodi.

La tatu ni “Basi”. Mlinzi anatakiwa kubweka, ila pia kunyamaza akiambiwa. Mwenye mbwa aende kutazama kinachobwekewa, aseme “Basi” mara moja, asubiri kimya hata cha sekunde mbili, atoe alama na tuzo. Muda wa kimya urefushwe taratibu. Kosa la wengi ni kumtupia mbwa chakula akiwa bado anabweka ili anyamaze, jambo linalomfundisha kubweka kila anaposhikwa na njaa.

Mipaka na makosa

Njia ya tuzo ina mipaka yake. Baadhi ya matendo hujilipa yenyewe. Mbwa anayemkimbiza mbuzi hupata raha kubwa kuliko dagaa yeyote, hivyo asiachwe huru kati ya mbuzi hadi mafunzo yakamilike. Kamba ndefu na ua imara ni sehemu ya mafunzo. Mwanasaikolojia David Premack alionyesha mwaka 1959 kuwa tendo mnyama analolipenda linaweza kutumika kulipa tendo asilolipenda sana. Wafunzaji wa mbwa wa ulinzi hutumia kanuni hiyo: mbwa anayeachia nguo aliyoing'ata kwa amri hulipwa kwa kuruhusiwa kuing'ata tena.

Vilevile, mbwa anayeuma kwa sababu ya maumivu anahitaji daktari wa mifugo kabla ya mfunzaji. Mbwa aliyeishi kwa hofu kwa miaka mingi atachukua miezi kubadilika, na huenda asibadilike kikamilifu.

Katika kazi ya kunusa, kosa kubwa ni la mfunzaji kumdokeza mbwa bila kujua. Mwaka 1907 mtafiti Oskar Pfungst alithibitisha kuwa farasi wa Berlin aliyeitwa Hans, aliyesifika kwa kujua hesabu, alikuwa akisoma tu mabadiliko madogo katika uso na mwili wa aliyemuuliza. Ndiyo sababu mbwa wa kunusa hujaribiwa na mwongozaji asiyejua harufu ilikofichwa.

Wafunzaji wenyewe hawajakubaliana katika kila jambo. Wapo wanaoshikilia kuwa mbwa wa polisi mwenye hamasa kali anahitaji tuzo pamoja na kiasi fulani cha shuruti. Hata hivyo, mkondo wa sheria na wa taaluma unaelekea upande mmoja: Wales ilipiga marufuku mikanda ya umeme mwaka 2010, na chama cha Marekani cha madaktari wa mifugo wanaoshughulikia tabia za wanyama kilitoa tamko mwaka 2021 kikipendekeza njia ya tuzo peke yake.

Suala la dini

Ujiji ni mji wenye Waislamu wengi, na wapo wanaoona kuwa mafunzo ya karibu hivyo na mbwa hayawahusu. Wahenga walisema mcheza na mbwa humwingia msikitini. Lakini Kurani, katika Sura ya Al-Maida aya ya 4, inawataja wanyama wa kuwinda waliofundishwa na kuhalalisha windo lao, na mafundisho ya Mtume yameruhusu mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa shamba. Kwa maana hiyo, mbwa aliyefunzwa ana nafasi yake katika fikihi.

Kwa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, mate ya mbwa ni najisi na kilichoguswa nayo huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Madhehebu ya Maliki yana msimamo mwepesi zaidi. Njia ya tuzo haimlazimishi mfugaji kulambwa: alama ni sauti, na dagaa anaweza kutupwa chini au kutiwa katika bakuli lililotengwa. Kwa hakika, mbwa wa fimbo na mnyororo hushikwashikwa zaidi kuliko mbwa wa tuzo. Kwa maelezo ya hukumu, mfugaji amuulize sheikh wake.

Chanjo na sheria

Faida kubwa ya njia hii kwa mji huonekana siku ya chanjo. Zaidi ya asilimia 99 ya vifo vya binadamu vinavyotokana na kichaa cha mbwa husababishwa na mbwa, na ugonjwa huo ukishaonyesha dalili hauna tiba. Wataalamu wanakadiria kuwa maambukizi hukoma pale asilimia 70 ya mbwa wanapochanjwa, na lengo la kimataifa ni kumaliza vifo hivyo ifikapo mwaka 2030. Hata hivyo, moja ya sababu zinazojulikana za mbwa kutofikishwa kwenye vituo vya chanjo ni kwamba wenyewe hawawezi kuwashika.

Mbwa anaweza kuandaliwa kwa wiki mbili. Aguswe begani, alipwe. Ngozi ivutwe kidogo, alipwe. Iguswe kwa kifuniko cha kalamu mfano wa sindano, alipwe. Kisha mtu mwingine afanye vivyo hivyo. Kifunga mdomo kiwekewe dagaa ndani ili mbwa aingize pua mwenyewe, na kisifungwe hadi atakapokizoea. Mbwa wa namna hiyo hufika kituoni akitembea, haburutwi kwa waya.

Mtu akiumwa na mbwa, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo hata kama jeraha ni dogo na hata kama mbwa anajulikana.

Kwa upande wa sheria, Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya mwaka 2008, inayokataza ukatili dhidi ya wanyama. Aidha, kuwinda wanyamapori bila kibali ni kosa, na mafunzo ya mbwa hayahalalishi uwindaji huo.

Methali ya Kiswahili husema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Wataalamu wa tabia za wanyama, kwa njia ya vipimo na takwimu, wamefika karibu na hapo hapo: mbwa hufuata mkono uliomlea. Anayetaka kuanza leo anahitaji dagaa wachache, neno moja la alama na dakika tano kabla ya mlo wa jioni, na somo la kwanza liwe “Njoo”.